Medali za Baba Ziko Tseikuru

Baba alipofariki, watu wote wa nyumbani Kanyangi walinigeukia mimi. Sina haja ya kujificha: katika ukoo wetu mwenye uwezo ni mimi. Shule niliiachia darasa la sita. Nikaanza kuchemsha mahindi nikiwauzia madereva wa malori kwenye barabara ya Mombasa, chini ya vilima vya Kilungu, na leo ukikaribia ile njia panda ya kupanda Kilungu utaona gorofa yenye vioo vya buluu. Ni yangu, kuanzia msingi mpaka tangi la maji juu. Duka la saruji na mabati lililo chini yake ni langu pia. Ndugu zangu wawili walisoma. Mmoja ni mwalimu, mwingine anafanya kazi ya ofisi Nairobi. Lakini siku ya msiba walikaa kwenye viti vya plastiki wakangoja niseme.

Nikasema. Jeneza liwe la mbao ya mvule, si hizi za maranda zinazopakwa rangi. Hema ziwe nyeupe na mpya. Ng'ombe achinjwe, na lori la maji lije, kwa sababu Kanyangi wakati ule ilikuwa kavu na sikutaka mgeni wa baba yangu aombe maji akose. Nikasema baba alikuwa mwanajeshi, tena wa majeshi mawili, la majini na la nchi kavu, na atazikwa hivyo. Juu ya jeneza tutaweka kofia yake, mkanda wake na medali zake tatu.

Mama alikuwa ameketi mkekani na akina mama wa kanisa, miguu ameinyoosha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kofia ipo," akasema. "Mkanda upo."

Nikangoja aseme la tatu. Akamgeukia jirani yake wakaanza kuongea habari za sufuria.

Nizieleze hizo medali, maana kwangu hazikuwa mapambo. Baba aliandikishwa jeshini akiwa kijana, akapelekwa Mombasa kwenye meli, chini kabisa kwenye mitambo. Baada ya miaka mingi ya bahari akahamishiwa jeshi la nchi kavu. Kwa nini, hakutueleza. Alikuwa akisema tu, "Waliona nimekaa sana bila vumbi." Kwa hiyo medali moja ilikuwa ya meli na mbili za nchi kavu, na zote alizipanga pamoja kwenye kifua cha kushoto, ile ya meli ikiwa mwisho, karibu na mkono.

Alikuwa akija nyumbani kwa likizo. Wazee wa soko la Kanyangi walikuwa wakimngoja na maneno yao.

"Baharia, leo umekuja na meli?"

"Nimekuja nayo."

"Iko wapi?"

"Nimeitia nanga Tiva. Tunangoja mvua."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, maana mto wetu wa Tiva kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu na sisi tulikuwa tukiuchimba na vibuyu kutafuta maji. Mama ndiye hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akishuka kuchimba. Nakumbuka alivyomwuliza baba, akiwa ametua mtungi, "Hayo maji yenu huko, yote hayo, hakuna mtu anayeyateka?"

"Yana chumvi."

"Basi hayo si maji. Ni mchuzi."

Kila Jumapili ya likizo baba alivaa koti, akazifunga medali, tukaenda kanisani kwa miguu. Hapo ndipo ninapopakumbuka zaidi. Akitembea, vile vyuma viligongana taratibu kifuani, na mimi nilikuwa nikipambana na ndugu zangu ili nipate upande wa kushoto, karibu na ule mlio. Sikumjua baba kwa mazungumzo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na likizo ilikuwa fupi. Nilimjua kwa mlio huo. Akirudi kambini na medali zake, njia ya kanisani ilibaki kimya hadi nikachukia Jumapili. Nikaokota vifuniko vya soda sokoni, nikavitoboa kwa msumari, nikavining'iniza kwenye shati langu kwa miiba. Nikatembea navyo huku na huko uani. Vilipiga kelele tu. Mlio ule havikuutoa.

Alipostaafu na kurudi nyumbani moja kwa moja, mimi nilikuwa nimeshaondoka, niko barabarani na sufuria langu la mahindi. Tulipishana hivyo. Nilipomaliza gorofa nilimleta aione. Nilimpandisha ngazi zote, nikamwonyesha vyumba, vioo, sakafu, mpaka paa. Nikamwuliza, "Baba, waonaje?" Akainama kwenye bomba la maji, akaligonga kwa kidole, akasikiliza, akaniambia valvu moja nimeifunga kinyume. Ilikuwa kweli. Nikaibadilisha kesho yake.

Kwenye sebule yangu nilikuwa nimemwambia fundi aache kidirisha ndani ya ukuta, akiwekee kioo na taa ndogo juu. Nikamwambia baba, "Hapa ni pa medali zako. Nitazitunza mimi." Akakitazama sana. Akasema, "Tutaona." Nikalichukua neno hilo kama ahadi. Nilijua baba yangu hapendi kuachana na vitu vyake akiwa hai, nikasema sawa, nitangoja. Mimi kila kitu nilichonacho nilikipata kwa kungoja na kusukuma. Nilichotaka kwa baba kilikuwa hicho kimoja. Mashamba wagawane wengine.

Ndiyo maana mama aliponyamaza kuhusu zile medali sikuweza kukaa. Nilimfuata jikoni, akiwa amebaki na mwanamke mmoja tu anayetwanga mahindi ya muthokoi.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "medali ziko wapi?"

"Keti."

"Niambie tu nikiwa nimesimama."

"Ziko Tseikuru."

Nilifikiri msiba umemchanganya. Tseikuru ni mwisho wa Kitui kule kaskazini, nchi ya mbuzi na miiba. Hatuna ndugu kule hata mmoja.

"Tseikuru kwa nani?"

"Kwa yule mwenzake wa meli."

Huyo nilimjua. Waliandikishwa pamoja, Wakamba wawili ndani ya meli moja, wakahamishwa nchi kavu pamoja, wakastaafu karibu pamoja. Aliwahi kuja kwetu nikiwa mdogo, mtu mrefu aliyecheka kwa pua. Lakini huyo alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma, na baba alienda kumzika.

"Si alikufa?"

"Alikufa. Baba yako alikwenda matanga amevaa medali, akarudi koti tupu. Nikamwuliza. Akasema amewaachia kidogo. Nikajua ataenda kuzichukua." Akainua ungo, akapepeta. "Hakwenda. Na wewe unajua baba yako, ukimwuliza mara ya pili anaenda kurekebisha boma la ng'ombe."

Sikumwambia mtu mwingine. Alfajiri niliingia kwenye pikapu yangu, nikapita Kitui mjini, nikashika Mwingi, nikapita Kyuso. Nilikuwa nimebeba sukari, unga, majani ya chai na blanketi zito, kwa sababu mimi siendi kwa mtu mikono mitupu. Njiani nilipanga maneno. Nitawaambia: asanteni kwa kututunzia, sasa mwenyewe anazihitaji. Na kama watazungusha, nitawaletea tangi kubwa la maji kutoka dukani kwangu, hata mawili. Hakuna kitu kilichonishinda kwa kuongea vizuri na mtu. Kilichoniumiza ni kufikiri kwamba baba aliwapa wao kile ambacho mimi nilikuwa nimekijengea nafasi ukutani.

Mjane wa yule rafiki nilimkuta uani kwake anafunga mwana-mbuzi mguu uliovunjika. Mama mzee, mwembamba, macho makali. Kabla sijajitambulisha akanitazama kutoka viatuni kwenda juu.

"Wewe ni wa baharia wa Kanyangi."

"Umenijuaje, mama?"

"Unavyosimama. Umetanua miguu kama ardhi inataka kukuangusha. Hawa wawili walikuwa wakisimama hivyo mpaka kanisani."

"Mimi sijawahi kupanda meli hata siku moja."

"Basi umeiba."

Nikacheka, halafu nikamwambia baba ametutoka. Alimwachia yule mbuzi, akakaa juu ya jiwe. Mwishowe akasema kwa Kikamba kwamba sasa wote wawili wamemaliza. Nikaona hapana, nikilikawiza jambo hili sitalisema. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya medali.

"Hukuambiwa?" akauliza.

"Niliambiwa ziko kwako."

Akainuka, akanishika mkono wa shati kama mtoto, akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kaburi la udongo lililorundikiwa mawe, limezungushiwa miiba mbuzi wasipande.

"Ziko hapo," akasema. "Anazo yeye."

Akanisimulia tukiwa tumesimama. Nyumba yao ya kwanza iliungua na kila kitu: magwanda ya mumewe, picha, medali zake zote. Hakupata nyingine. Alipokufa alikuwa ameshasahauliwa huko kambini, hakuna mwanajeshi aliyekuja, isipokuwa baba. Baba alishuka kwenye basi amevaa koti, medali zinang'aa. Akaliona jeneza la mwenzake halina kitu juu, kitambaa tu. Akazifungua medali zake moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya jeneza kama zinavyopangwa kifuani.

"Sisi hatukuwahi kuona jambo hilo," akasema yule mama. "Watu walilia upya. Shemeji zangu wakasema, tazameni, rafiki yake amemletea vya kuagana. Na kwetu hapa, kilichowekwa juu ya marehemu ni chake."

Mimi nilianza kuelewa. Kwa askari vitu hivyo havizikwi. Baba alitueleza sisi watoto zamani: kofia, mkanda, medali, vyote hukaa juu ya jeneza wakati wa maombi, na kabla ya kushushwa vinaondolewa, vinapewa mke au mtoto. Baba alimwazima mwenzake heshima ya maombi. Alikusudia kuzichukua kabla ya kushusha.

"Mchungaji alipomaliza, vijana wakashika kamba," akaendelea. "Baba yako akasogea akanyoosha mkono. Shemeji yangu mkubwa akamshika bega akamwambia, 'Usihangaike ndugu yetu, haziwezi kuanguka. Nimezifunga mwenyewe.' Alikuwa amechukua uzi wa kushonea magunia, akazifunga zote tatu kwenye mshikio wa jeneza, mafundo kwa mafundo. Alifanya kwa mapenzi."

"Na baba?"

"Akatazama ule uzi. Mkono wake ukabaki hewani hivi." Akanionyesha, kiganja wazi. "Halafu akaupeleka kichwani, akapiga saluti. Wakashusha."

Jioni ile, akasema, alimwona baba anagusagusa kifua cha koti kama mtu aliyepoteza kalamu. Ndipo na yeye akashtuka. Akamwuliza, "Shemeji, ulitaka kuzichukua?"

"Kambini huwa tunazichukua," baba akajibu.

"Niwaite vijana. Udongo bado laini."

"Hapana," baba akasema. "Ameshavaa."

Sasa nitasema nilichofanya, maana mimi si mtu wa kurudi nyuma kwa sababu ya hadithi nzuri. Nilimwambia yule mama, kwa heshima, kwamba baba naye sasa ana jeneza, na jeneza hilo halina kitu. Nilimwambia nina vijana wa kazi wanaojua kuchimba bila kuharibu, kwamba nitakwenda kwa chifu, nitaleta mchungaji, na tukimaliza nitajenga hapa kaburi la saruji na vigae ambalo halijaonekana kutoka hapa mpaka Kyuso. Niliongea vizuri. Nilijisikia nikiongea vizuri.

Yule mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni mtoto wake," akasema. "Ni za baba yako. Ukisema nifukue, shemeji zangu watapiga kelele, lakini mimi nitawaambia wanyamaze. Sitakuzuia." Akatazama mawe. "Mume wangu aliondoka jeshini na koti moja. Nyumba ikaungua, akabaki hana hata la kumwonyesha mtu kwamba alikwenda. Vijana hapa walikuwa wakimwambia, mzee, wewe bahari umeiota tu. Siku ile ndipo waliona. Ukiondoa, sawa. Nitakuwa na mzee wa kuota tena."

Neno "fukua" lilikuwa mdomoni mwangu. Nililihisi kabisa, kama punje ya mahindi chini ya ulimi. Nilikuwa nafikiria kidirisha changu ukutani na taa yake, na baba akiwa ndani ya lile jeneza la mvule bila chochote kifuani, na mimi upande wa kushoto. Na nilikuwa nafikiria kwamba baba alikuja nyumbani kwangu baada ya siku hiyo, akakitazama kidirisha akijua zilipo, akasema tutaona. Hakutaka kunikatalia. Au hakujua aanzie wapi.

Lakini alikuwa amesema ameshavaa. Katika maisha yangu baba hakuniamuru mambo mengi, hakuwa nyumbani kuniamuru. Hili nililikuta huko Tseikuru likiwa limeshatolewa, likingoja tu mtu wa kulitii.

"Basi, mama," nikasema.

Siku ya kumzika baba, juu ya jeneza tuliweka kofia na mkanda. Kati ya hivyo viwili palikuwa na nafasi, na kila aliyewahi kumwona baba kanisani aliiona. Ndugu yangu mwalimu akaniinamia sikioni.

"Medali ziko wapi? Usiniambie umeziacha gorofani kwako."

"Ziko kwa rafiki yake."

"Rafiki gani?"

"Nitakwambia."

Wakanipa kipaza sauti kuongea kwa niaba ya familia. Watu wananijua, nikishika kipaza sauti mpishi anaweza kuchemsha chai ya pili. Siku hiyo nilisema habari ya Tseikuru kwa maneno machache, nilipofika kwenye mkono kubaki hewani nikamrudishia mchungaji kipaza chake. Kabla ya kushusha niliondoa kofia na mkanda kwa mikono yangu, kama ipasavyo, nikampa mama. Aliukunja ule mkanda polepole mapajani mpaka ukawa mviringo, akauweka ndani ya kofia. Kitu cha kunipa mimi hakikuwepo.

Kidirisha kiko pale pale sebuleni. Mke wangu alitaka kuweka maua ya plastiki, nikakataa. Wageni wakiuliza ni cha nini nawaambia ni cha medali za baba, na wakiuliza ziko wapi nawaambia ziko zinavaliwa.

Na lile kaburi la Tseikuru nimelijenga. Nina mafundi, lakini vigae vile niliviweka mwenyewe, nimepiga magoti, na sijui kaburi lililo safi namna hiyo huko kote kaskazini. Shemeji za yule mama walikuja kunichungulia, wakifikiri nachimba. Walipoona napiga rangi ya urembo pembeni wakaleta kiti, na yule mkubwa wao, aliyefunga uzi, akanishikia ndoo ya saruji mpaka nikamaliza.

Nikipeleka mzigo Mwingi huwa nasogea mpaka kule. Kaburi la baba liko Kanyangi, nalitunza vizuri, lakini nikisimama pale najisikia kama zile siku za utoto alipokuwa amerudi kambini. Tseikuru kuna mtu aliyekaa naye jioni ile, akamwona akila, akamsikia akiongea. Yule mama hunipa chai, na mimi humwuliza, "Mama, jioni ile, baba hakutaja habari za nyumbani? Hakusema lolote kuhusu sisi?"

"Hapana," huniambia. "Alikula, akalala, asubuhi akapanda basi."

Nimemwuliza mara nyingi sasa. Nafikiri labda kuna neno alilisahau, dogo tu, linaweza kumrudia wakati wowote. Naye hanichoki. Kila nikiuliza huweka kikombe chini, hutazama kule kwenye miiba, anawaza kwanza kama mtu anayetafuta kweli, halafu ndipo hunijibu tena hapana.